Kivumishi Kiganjani, Kielezi Miguuni

Mwalimu wetu wa Kiingereza alianza kila kipindi kwa sala, na sala ikiisha alichukua bakora. Tulisali Baba Yetu tukiwa tumefumba macho, na mara tu baada ya "Amina" tuliisikia ikikwaruza ukuta pale alipoitungua kwenye msumari. Mpaka leo nikiwa kanisani, mtu akikokota benchi nyuma yangu, viganja hujikunja vyenyewe. Sisemi hivi kwa kulalamika. Mungu amenipa umri mrefu, na sehemu kubwa ya umri huo nimekula mkate wa lugha ileile niliyopigiwa. Nasema tu ilivyokuwa.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, katika shule ya kati nje kidogo ya Iringa. Madirisha hayakuwa na vioo, na mwezi wa saba upepo wa baridi ulipita darasani kama uko kwake. Wengi wetu tulikuwa Wahehe. Nyumbani tulisema Kihehe, Kiswahili tulikikuta shuleni, na kabla hatujakizoea tukaambiwa sasa tujifunze Kiingereza kwa Kiswahili hicho.

Somo lililotuumiza kuliko yote lilikuwa la kutenganisha kivumishi na kielezi. Mwalimu aliandika sentensi ubaoni, kisha akamwita mtu mbele aonyeshe neno lipi linaeleza mtu au kitu kilivyo, na lipi linaeleza tendo linavyofanyika. Mwanzoni lilionekana jambo jepesi. Mtu ni "slow", lakini anatembea "slowly". Ukaongeza kile kimkia cha mwisho, umemaliza. Halafu tukakuta "fast" haitaki mkia, "good" inageuka kuwa "well" kama mtu aliyebadili jina akihamia mji mwingine, na "hard" ukiipa mkia inakuwa kitu kingine kabisa. Hapo ndipo damu ilipoanza kutoka.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Ukikosea kivumishi, ulipigwa kiganjani. Ukikosea kielezi, ulipigwa kwenye vigimbi vya miguu.

"Kivumishi kinashika jina kama mkono unavyoshika kitu," alituambia. "Kielezi kinakwenda na tendo. Na tendo ni miguu. Kichwa kikisahau, ngozi itakumbuka."

Ngozi zilikumbuka. Jioni tulipokwenda kuoga mtoni, maji yakiwa ya baridi kama chuma, ungeweza kujua kwa kutazama miguu ya mtu kama ana shida ya vielezi. Tulioneshana michubuko na kucheka. Mvulana mmoja alikuwa na mistari hadi nyuma ya magoti, tukamwita Punda Milia, naye akajibu, "Nyie chekeni tu, kesho mtakuwa ndugu zangu."

Kaka yangu alikuwa na miguu mibaya kuliko wote. Tulisoma darasa moja ingawa alinizidi miaka mingi, maana alichunga ng'ombe wa babu mpaka alipoanza kuota ndevu, ndipo akapelekwa shule. Baba alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Kilosa, mama alikuwa amefariki, na sisi wawili tulilelewa na bibi, mama yake baba. Kaka alikuwa mtu wa maneno machache. Ng'ombe akichechemea nyuma yake, alijua ni yupi bila kugeuka. Lakini vielezi vilimshinda. Kila asubuhi aliitwa mbele, akakosea, akageuka mwenyewe kutoa miguu, akapigwa, akarudi kukaa. Hakulia hata mara moja, na nadhani hilo ndilo lililomchoma mwalimu.

Huyo mwalimu hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa kijana bado, mrefu, mwenye kofia ya helmeti aliyoipaka chokaa nyeupe. Alituambia ametoka Mbeya, na kweli alikisema Kinyakyusa kidogo. Hakunywa ulanzi na wanakijiji, hakwenda misibani, hakutaniana na mtu. Aliishi peke yake katika nyumba ya walimu, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikata njia ya msitu wa mikalitusi kwenda mjini kuchukua barua zake.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya ukungu. Mkaguzi wa shule alitarajiwa wiki ile, na mwalimu alikuwa ameamka vibaya. Tulisali, bakora ikatunguliwa, kaka akaitwa. Akakosea. Akageuka kutoa miguu kama kawaida.

"Leo si miguu," mwalimu akasema. "Leo lala juu ya benchi. Vua kaptula."

Mbele walikaa watoto wadogo ambao kaka angeweza kuwabeba wawiliwawili mabegani.

"Mwalimu," kaka akasema, "nipige nikiwa nimesimama."

"Umesemaje?"

"Nipige utakavyo. Lakini kulala uchi mbele ya watoto hawa, hapana."

"Ah! Mzee wa darasa ana aibu!" Mwalimu akatugeukia. "Ana ndevu za kumtosha paroko, lakini 'good' na 'well' hajui!"

Wengine wakacheka, kwa sababu ukichelewa kucheka ungeweza kufuata wewe. Bakora ikampiga kaka usoni. Ikampiga tena, sikioni. Ya tatu akaikinga kwa mkono wa kulia, nayo ikatua juu ya vidole, tukasikia mlio kama wa kijiti kikavu. Kaka akashikilia mkono wake kifuani. Mwalimu hakuacha. Alimpiga mabegani, mgongoni, kichwani, akihema, mate yakimtoka, huku akirudia sentensi ya ubaoni neno kwa neno, kila neno na pigo lake. Kaka alianguka kwenye kona ya jukwaa la mwalimu, na nyusi ikapasuka. Damu ikamfunika jicho. Akainuka, akasimama tena palepale, wima.

Ndipo mwalimu akachoka. Akaitazama bakora yake, akaifuta kwa kitambaa, akanielekezea mimi.

"Wewe ndugu yake. Futa sakafu."

Niliifuta damu ya kaka yangu kwa majani niliyong'oa uwanjani. Nilipokuwa nimepiga magoti bado, mwalimu alifuta sentensi ile ubaoni na kuandika nyingine.

Alasiri nilimsindikiza kaka hospitali ya Tosamaganga. Sista aliyemfunga vidole kwa vibao alimuuliza ameumizwa na nani.

"Nimeanguka," kaka akajibu.

Tulipofika nyumbani alitoa mundu wa kukatia nyasi, akaketi kwenye jiwe nje ya jiko, akaanza kuunoa kwa mkono wa kushoto. Siku iliyofuata aliunoa tena. Hakwenda shule. Jioni ya Ijumaa, bibi akiwa kisimani, nikamuuliza anataka kukata nini.

"Jumamosi anapita msituni," akasema. "Nitampiga mara moja. Sitaki ateseke."

"Halafu?"

"Halafu nitakwenda mwenyewe bomani. Watanitia kitanzi, basi. Wewe utabaki na bibi."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayepanga siku ya kuvuna mahindi. Na mimi nilijua kwamba kitanzi si maneno ya kutishana. Palikuwa na mtu wa kijiji chetu aliyemuua mwenzake kwenye ugomvi wa pombe. Askari walimchukua, na mke wake hakuwahi kuonyeshwa hata kaburi. Nilimwona kaka yangu ameshakwenda njia ile, na shingo yake nene ya kubebea magogo imeshavalishwa kamba.

Nilisali usiku huo kama sijawahi kusali. Nilimtaja Kaini, nikamwomba Mungu ambandue kaka yangu kutoka kwenye hadithi hiyo. Paroko, ambaye ningemwambia, alikuwa safarini kwenye vigango vya mbali. Asubuhi, nilipoona kaka ameondoka na mundu akisema anakwenda kukata fito, nilivumilia mpaka karibu na adhuhuri, ndipo nilipomwambia bibi kila kitu.

Bibi alikuwa akipepeta ulezi. Akaweka ungo chini taratibu.

"Ana hasira ya babu yake," akasema. "Ukimfuata sasa atakuzunguka kichakani. Nishikie yule kuku mweupe."

"Wa nini, bibi?"

"Nakwenda kwa huyo mwalimu wenu. Nitamwomba aje hapa amwambie mjukuu wangu pole, mbele yetu. Neno moja tu. Mtu akishaambiwa pole, mkono wake unalegea. Na asipotaka kuja, basi asipite msituni leo."

Tukaenda, bibi mbele na kuku kwapani, mimi nyuma. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Tulipoingia uwanja wa nyumba ya mwalimu tukamkuta mwanamke mzee ambaye hatukuwahi kumwona. Ameketi kwenye mkeka, anapukuchua mahindi. Bibi akasimama.

"Kamwene," bibi akasalimu.

Yule mama akajibu kwa lugha nyingine na kutabasamu. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kitambaa nyuma ya masikio, na ndewe za masikio zilikuwa zimetobolewa tundu ambalo kidole changu kingepita. Bibi aliyatazama masikio yale, kisha akamtazama tena usoni.

"Masikio hayo yana madirisha," akasema kwa Kiswahili. "Umetoka wapi wewe?"

"Songea. Nimeshuka jana kwenye lori, mgongo wangu wote umebaki Njombe." Akamtazama bibi na kuku wake. "Na wewe ni Mhehe, bila shaka. Umeleta kuku? Leo mbwa wamekwisha?"

Nilishtuka, lakini bibi akapasuka kicheko.

"Mngoni! Mla panya wewe! Nani kakuruhusu kukanyaga nchi yetu? Babu zako walikimbia hapa wakaacha ngao!"

"Waliziacha ziwe sahani zenu za kulia mbwa!"

Inabidi nieleze, kwa kuwa vijana wa leo wanaona utani ni mchezo wa redioni. Zamani, kabla ya Wajerumani, Wahehe na Wangoni walipigana mpaka pande zote mbili zikachoka kuzika. Baba yake bibi yangu alikuwa na kovu la mkuki wa Kingoni ubavuni, na bibi alipokuwa mtoto aliruhusiwa kutia kidole humo. Walipoacha kupigana kwa mikuki, waliendelea kwa midomo, huyu akimwita mwenzake mla mbwa na yule akijibu mla panya. Ndio utani huo. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe, kuchukua kofia yako, kukamata kuku wako, nawe hukasiriki. Siku ukifa, ndiye anayekuchimbia kaburi. Jambo moja tu limekatazwa: kumwaga damu ya mtani kwa hasira. Damu hiyo hukaa nyumbani kwako, na wazee wetu waliiogopa hata baada ya kubatizwa.

"Umekuja kwa nani?" bibi akauliza, bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Kwa mwanangu. Huyu mwalimu wa hapa."

Kuku alimponyoka bibi.

"Mwanao? Mwalimu wa Kiingereza?"

"Wa kwangu kabisa. Nimemzaa mwenyewe."

"Ametuambia ni mtu wa Mbeya."

Mama yule akaacha kupukuchua. "Mbeya alisomea ualimu tu," akasema. "Kwa nini aseme hivyo?"

"Yuko wapi sasa?"

"Ametoka. Amekwenda mjini kuchukua barua."

Bibi akamwambia yote kwa pumzi moja: benchi, vidole, mundu, msitu. Mama wa mwalimu aliinuka na mahindi yakamwagika. Nilikuwa sijawahi kuona wanawake wa umri ule wakikimbia. Walikimbia wameshika nguo zao magotini, na bibi akanipigia kelele, "Tangulia, mjukuu wangu! Tangulia, ukaseme ni mtani!"

Nilikimbia. Majani makavu ya mikalitusi yalikuwa yakiteleza, na harufu yake ilinikaa kooni. Kabla sijawaona, niliwasikia.

Nilikuta helmeti nyeupe njiani, imepasuka. Mbele yake mwalimu alikuwa amerudi nyuma hadi kwenye mti, bakora ameishika kwa mikono miwili, na bega la shati lake lilikuwa jekundu mpaka kiunoni. Kaka alimzunguka kama anavyomzunguka fahali mkali. Mundu ulikuwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na vibao vya sista. Ndiyo maana pigo la kwanza lilikosa shingo. Mkono aliouvunja mwalimu mwenyewe ndio uliomwachia roho.

"Kaka! Acha! Ni mtani!"

Hakunisikia. Mundu ukashuka, mwalimu akakinga, bakora ikakatika vipande viwili. Mwalimu akajikwaa kwenye mzizi, akaanguka chali. Kaka akamkanyaga kifuani.

"Ni mtani!" Nilishika kiuno cha kaka kwa nguvu zangu zote, akanitupa kando kama ndama. "Ni Mngoni! Mama yake yuko nyumbani, bibi amemwona!"

Sasa akasikia. Mundu ukabaki juu.

"Wewe ni nani?" akamuuliza mwalimu. "Sema."

Mwalimu alikuwa akitweta. Macho yake yalikuwa kwenye ule mundu.

"Mngoni," akasema. "Mimi ni Mngoni."

"Muongo. Kila mtu akiona mundu anakuwa mtani."

"Kweli. Namwapia Mungu."

"Ungekuwa mtani ungejua kazi yako." Kaka akamkandamiza kifuani. "Nitukane."

Nimesikia maneno mengi maishani, mimbarini na barazani, lakini sijasikia jambo kama lile. Mtu yuko chini, damu inamtoka, mundu uko juu yake, na anaambiwa amtukane anayeushika. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani aliwaza kwamba ni mtego, kwamba neno lolote baya litauangusha ule mundu.

"Nitukane!" kaka akanguruma.

"Mla mbwa," mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

"Hilo hata mtoto analijua."

"Mla mbwa wewe!" Sauti ikapanda, ikapasuka, nayo sasa ilikuwa na lafudhi tusiyowahi kuisikia darasani. "Mla mbwa, mwana wa mla mbwa! Hizo ndevu zako zimeota kwa mchuzi wa mbwa! Bibi yako mbwa wakimwona wanapanda mti! Baba yako ukimpigia mluzi anatikisa mkia!"

Kaka alitoa sauti. Mpaka leo siwezi kusema ilikuwa ya kulia au ya kucheka. Mkono uliteremka kidogokidogo, na mundu ukaanguka kwenye majani. Akaketi chini pembeni ya mwalimu, akauinamia ule mkono uliofungwa, mabega yakitikisika.

Hivyo ndivyo wazee wawili walivyowakuta. Mama wa mwalimu hakuuliza kama mwanawe amekufa au ni mzima. Aliokota kipande cha bakora na kumchapa nacho miguuni, pale chini alipolala.

"Umenikana!" akalia. "Umemkana baba yako! Umewapiga watani zako kama ng'ombe! Inuka!"

"Mama, nimeumia..."

"Nitakuumiza zaidi! Inuka!"

Bibi naye alimshika kaka sikio lile lililovimba, akamzaba makofi mpaka kiganja chake mwenyewe kikamuuma, akimwita muuaji, akimwita mjinga, akimwita mjukuu wake wa pekee, ingawa mimi nilikuwa nimesimama pale. Kisha wote wanne wakachoka. Bibi akachota udongo, akaupaka kwenye paji la uso la mwalimu na la kaka, akasema damu ya huyu na ya yule zimelingana, na ardhi imeshazinywa.

"Jambo hili haliendi bomani," mama wa mwalimu akasema.

"Haliendi," bibi akakubali.

"Na kuku uliyemleta ni wangu. Nimemteka."

"Mchukue. Mimi nateka hii bakora."

Aliiteka kweli. Alivifunga vile vipande viwili kwa kamba ya magome, na tangu siku hiyo akawa akivitumia kuchochea moto jikoni, mpaka vikaisha.

Mwalimu alipelekwa Tosamaganga kushonwa bega, nami nikaambiwa nimshike upande asianguke. Njiani nilipata kusikia kwa nini alijificha. Alimwambia mama yake kwamba alipokuwa akisomea ualimu, Wahehe wawili wa darasa lake walimtekea kofia na chakula kila siku, naye akacheka nao. Lakini alijiambia kwamba mwalimu anayechekwa hatamfundisha mtu Kiingereza, na yeye alitaka tukijue. Aliamini kingeingia kwa hofu tu, kwa sababu yeye kilimwingia hivyo. Mama yake alisikiliza, kisha akasema, "Na mimi nilikupiga lini, mpaka ukajua kusema mama?"

Sista alimuuliza ameumizwa na nani.

"Nimeanguka," akasema mwalimu.

Sista akatutazama wote. "Watu wa shule ile," akasema, "wanaanguka sana."

Wiki iliyofuata mwalimu aliingia darasani mkono wake ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Tulisali. Baada ya "Amina" palikuwa kimya, tukafumbua macho, tukaona msumari mtupu ukutani. Alisimama bila kujua aweke wapi mkono wake mzima. Nilimwona ni kijana tu, na ana hofu kuliko sisi.

"Haya, mla panya," kaka yangu akasema kutoka nyuma. "Tufundishe."

Mwalimu alikaza taya mpaka mshipa wa shingo ukatokeza, na kwa muda mfupi niliiona ile hasira ya zamani ikimjia na kumfika machoni. Kisha akageuka ubaoni, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda. Aliandika sentensi kwamba Mhehe mwenye njaa amemla mbwa mnono kwa pupa.

"Mhehe gani?" akauliza.

Mtu mmoja akathubutu. "Mwenye njaa."

"Hicho ni nini?"

"Kivumishi."

"Mbwa gani?"

"Mnono!" Sasa walikuwa wengi.

"Amemlaje?"

"Kwa pupa!" darasa zima likanguruma, tukagonga madawati.

Akatembea mbele yetu akionyesha Mhehe anavyokula: upesi, taratibu, kwa wizi, kwa hasira, na kila mara tukampa neno lake kwa Kiingereza. Kaka naye akasimama akaonyesha Mngoni anavyomvizia panya, na vielezi vikamtoka mdomoni kimoja baada ya kingine, hata "fast" bila mkia.

Nisiseme kwamba mwalimu aligeuka malaika. Hasira haiondoki mwilini kwa siku moja. Aliwahi kumtupia mtoto chaki ikampasua mdomo, na mara nyingine alikata fimbo mpya kwenye uzio. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimeshajua. Akishika fimbo asubuhi, alasiri mwanamke mmoja alikuwa anatoka nyumbani kwa mwalimu na sufuria aliyoiteka, au na koti, akiimba njia nzima, naye mwalimu hana la kufanya ila kucheka. Mwishoni ilimgharimu mno kutupiga.

Kaka hakuchaguliwa kuendelea na masomo. Alikwenda Mbeya, akapata kazi ya kutengeneza barabara, akajenga Mbalizi. Kidole kimoja kilibaki kimepinda, na mvua ikikaribia kilimuuma kabla ya mawingu. Mimi niliendelea, nikawa mwalimu, na mara yangu ya kwanza kupangiwa shule ilikuwa Mbeya, nikakaa kwake. Namshukuru Mungu kwa chumba kile na kwa sauti yake ya kukoroma upande wa pili wa ukuta, maana kuna wakati nilikuwa nimeshaihesabu imepotea.

Siku moja mwalimu wetu wa zamani alipita Mbalizi, akiwa amehamishwa kwenda shule nyingine. Aliingia bila kubisha hodi, akala ugali wetu, akamtukana shemeji yangu kwa heshima zote. Alipotaka kuondoka aliinua mkono kwenye paa la jiko, palipochomekwa ule mundu, akauchomoa. Kaka alikuwa amesafiri nao kutoka Iringa, akiutumia kukatia nyasi. Mwalimu aliupima makali kwa kidole gumba, na kola ya shati ilipovutika nililiona kovu la begani.

"Nimeuteka," akasema.

"Uteke," kaka akajibu bila kuinuka, akilamba vidole. "Lakini ni butu, mla panya. Utahangaika kuunoa."

Akaufunga kwenye gazeti, akautia kwenye kikapu chake, tukamsindikiza mpaka barabarani kungoja basi.